"Stelingi Hafi": Sarufi ya Kifo cha Mhusika Mkuu katika Mapokezi ya Tamthilia ya Kusisimua, Tabora na Njia ya Misafara

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna watazamaji wa Kiswahili wanavyoupokea uamuzi wa watunzi wa kumuua mhusika mkuu wa tamthilia ya kusisimua. Mfano wa msingi ni Prison Break, tamthilia ya Marekani iliyoenea nchini Tanzania kwa njia ya DVD na vibanda vya video. Uchambuzi unaanzia katika kauli mashuhuri ya vibanda hivyo, yaani "stelingi hafi", na kuonyesha kwamba kauli hiyo ni nadharia ya utanzu iliyobebwa na sarufi ya kikanushi. Mapokezi hayo yanalinganishwa na masimulizi ya vifo vya watu wakuu kando ya njia ya misafara iliyopita Tabora, na Utendi wa Fumo Liyongo, na mchezo wa redio Twende na Wakati. Hoja kuu ni kwamba hasira ya mtazamaji ni tendo la uhakiki linalostahili kuchambuliwa, ingawa si kila mara linalostahili kutiiwa.

1. Utangulizi

Aliyekulia karibu na kibanda cha video, ambacho wengi hukiita kibanda umiza, anaijua kauli kwamba stelingi hafi. Watoto huitumia kutulizana pale mhusika wanayempenda anapozingirwa na bunduki kumi, na watu wazima huitumia kumzima mwenzao anayetabiri mabaya. Katika vibanda vya Tabora, kama vya miji mingine ya Tanzania, kauli hiyo imekuwa sehemu ya maarifa ya kuangalia filamu, sawa na kujua kwamba adui mkubwa huachwa mpaka mwisho. Haina mtunzi anayejulikana, lakini inafanya kazi ambayo katika darasa la fasihi hufanywa na sura nzima ya kitabu: inaeleza kanuni ya utanzu, inaweka mkataba kati ya mtunzi na hadhira, na inatoa kipimo cha kuhukumia ukiukaji wa mkataba huo.

Uhakiki wa Kiswahili umekuwa na istilahi nyingi za mhusika wa mbele: mhusika mkuu, nguli, shujaa. Istilahi ya hadhira yenyewe haimo katika orodha hiyo. Neno "stelingi" limeachwa mitaani, na hisia zinazoambatana nalo zimechukuliwa kuwa za mtu asiyejua kutenganisha hadithi na maisha. Makala haya yanapinga msimamo huo. Mtazamaji anayelalamika kwamba stelingi ameuawa anajua fika kwamba mwigizaji yu hai. Malalamiko yake yanahusu mkataba uliovunjwa, na lugha anayoitumia inaonyesha hatua kwa hatua anavyoupima uvunjaji huo.

2. Neno na kanuni

"Stelingi" limetokana na neno la Kiingereza lililozoeleka katika mabango na vichwa vya filamu likitangulia jina la mwigizaji. Katika Kiswahili limeacha kazi hiyo na kuwa nomino ya mtu. Linachukua upatanisho wa ngeli ya A-WA bila kiambishi cha umoja ("stelingi huyu amezingirwa"), na wingi wake hupata ma- ("mastelingi hawa wawili"). Tahajia yake haijatulia, kwani wapo wanaoandika "steringi". Umbo lenye /l/ linakubalika kwa wepesi katika Unyamwezi, kwa kuwa Kinyamwezi hakitofautishi /l/ na /r/, lakini limeenea mbali zaidi ya hapo.

Maana yake pia imebadilika. Stelingi hatambuliwi kwa wingi wa maneno aliyopewa au kwa kutangulia kuonekana. Anatambuliwa kwa haki yake ya kufika mwisho. Kwa hiyo "stelingi hafi" inakaribia kuwa fasili kuliko kuwa taarifa: kutokufa ni sehemu ya maana ya neno lenyewe. Ndiyo maana filamu inapomuua mtu aliyedhaniwa kuwa mkuu, watazamaji wengi huanza kwa kulichunguza jina kabla ya kuitilia shaka kanuni. Husema, "Kumbe hakuwa stelingi." Kiunganishi "kumbe" huashiria ugunduzi wa jambo lililokuwepo tangu awali bila kujulikana. Kosa linahamishwa kutoka kwa mtunzi hadi kwa macho ya mtazamaji, na kanuni inabaki salama.

Kanuni hiyo haikuletwa na filamu peke yake. Katika riwaya za kijasusi za Aristablus Elvis Musiba, kuanzia miaka ya 1970, Willy Gamba alitumwa kazi moja baada ya nyingine na kurudi akiwa hai, na msomaji alifungua kitabu kipya akilijua hilo. Swali la msomaji lilikuwa atatokaje, wala si kama atatoka. Hofu katika utanzu huu hutokana na njia ya kunusurika, na kunusurika kwenyewe ni dhamana.

3. Hafi, hajafa, wamemuua

Kitenzi "hafi" kinastahili kuangaliwa kwa makini. Katika uyakinishi, Kiswahili hutofautisha "anakufa" (sasa hivi), "afa" (bila kutaja wakati mahususi) na "hufa" (desturi). Katika ukanushi, tofauti hizo hufutika na umbo moja hubaki: hafi. Hivyo kauli moja inabeba maana mbili. Inaweza kuwa sheria, kwamba mtu wa namna hii hafi kamwe, na inaweza kuwa taarifa ya sasa, kwamba huyu tunayemwona pale sakafuni hafi. Mtazamaji anaposema "hafi" wakati risasi zinapigwa, anaitumia sheria kama ushahidi wa tukio ambalo bado linaendelea. Kiswahili kinamruhusu kufanya hivyo bila kubadili neno.

Tukio likizidi kuwa bayana, kauli hubadilika kuwa "hajafa". Hapa kuna mkopo mdogo kwa mtunzi. Kiambishi -ja- hukanusha hali timilifu ("amekufa") na papo hapo huacha wazi uwezekano kwamba jambo hilo litatokea baadaye. Mtazamaji angeweza kusema "hakufa", umbo ambalo lingefunga mjadala. Anachagua "hajafa" kwa sababu linamweka katika hali ya kusubiri. Sheria imegeuka kuwa matarajio.

Matarajio yakikatika, kauli ya tatu huja: "wamemuua". Katika hadithi, muuaji anaweza kuwa mtu mmoja, tena anayejulikana kwa jina, lakini kitenzi kinachukua nafsi ya tatu wingi isiyo na kitajwa kilichotangulia. Ni wa- ileile ya "wamekata umeme" au "wamepandisha nauli": watu wasiotajwa, wenye mamlaka, walioamua mambo mahali ambapo msemaji hakuwepo. Kwa kiambishi hicho kimoja mtazamaji ametoka ndani ya hadithi na kuwashika watunzi. Anayesema "ameuawa" bado yumo ndani ya hadithi, na anayesema "amekufa" huenda amekwisha kukubali. Anayesema "wamemuua" anafungua mashtaka.

Prison Break inaonyesha hatua hizi kwa uwazi usio wa kawaida, kwa sababu watunzi wake waliyapokea mashtaka hayo na kuyajibu. Tamthilia hiyo ilianza kurushwa Marekani na Fox mwaka 2005. Katika sizoni ya tatu, mwaka 2007, daktari Sara Tancredi aliuawa, na ushahidi wa kifo chake ukawa kichwa kilichoonyeshwa ndani ya sanduku. Watazamaji walipinga kwa nguvu. Mwaka 2008, katika sizoni ya nne, Sara alirudi, na ikaelezwa kwamba kichwa kile kilikuwa cha mwanamke mwingine. Mwaka 2009 zamu ilimfikia Michael Scofield mwenyewe: sizoni ya nne ilifungwa kwa jamaa zake kutembelea kaburi lake, na filamu ya nyongeza, The Final Break, ikaeleza kwamba alijitoa mhanga ili Sara atoke gerezani. Mwaka 2017 naye alirudi katika sizoni ya tano, akiwa hai ndani ya gereza la Yemen.

Kwa mtazamaji wa kibanda, historia hii ni ushindi wa sarufi yake. Aliyesema "hajafa" mwaka 2009 alionekana mkaidi, na miaka minane baadaye akawa mtabiri. Wala jambo hili halikuanza na televisheni. Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893, akasongwa na malalamiko ya wasomaji, na mwaka 1903 akamrudisha. Mkaidi wa kibanda cha Tabora na msomaji wa London walitoa shinikizo la aina moja, na katika visa vyote viwili soko lilikuwa na sababu zake za kusikiliza.

Kinachomtofautisha mtazamaji wa Kiswahili ni kuwepo kwa mtu wa tatu. Filamu na tamthilia nyingi za kigeni zimemfikia zikiwa zimesimuliwa kwa Kiswahili na wasimulizi kama Derek Gaspar Mukandala, maarufu Lufufu, na DJ Mack, ambao kazi yao imechunguzwa na Matthias Krings. Msimulizi hatafsiri tu. Huongeza maelezo, huwapa wahusika majina, hucheka, hulaumu, na huitangulia hadithi kwa kudokeza yajayo. Kwa hiyo kifo cha stelingi kinapotokea, kuna sauti ya Kiswahili inayoweza kukiombolezea au kukikejeli, na hadhira husikia kifo na maoni juu ya kifo kwa wakati mmoja. Wa- ya "wamemuua" inapata nguvu zaidi hapo, kwa kuwa msimulizi ameketi upande wa watazamaji na watunzi wako mbali.

4. Mzigo wa Kwihara

Tabora, iliyojulikana na wasafiri wa karne ya 19 kwa jina la Kazeh na kwa jina la nchi yake, Unyanyembe, ilikuwa kituo kikuu cha njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na kuishia Ujiji. Njia hiyo ilibeba pembe, nguo, watumwa na habari. Masimulizi ya njia hiyo yana visa vya watu wakuu ambao vifo vyao vilikataliwa, vilifichwa au viligombewa. Visa hivyo havitolewi hapa kama asili ya tabia ya mtazamaji wa leo, kwani madai ya urithi wa aina hiyo ni mepesi kutamka na magumu kuthibitisha. Vinatolewa kwa sababu vinaonyesha maswali yaleyale ya sarufi yakiulizwa pasipo skrini.

Cha kwanza ni cha David Livingstone, aliyefariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Unyanyembe, walikofika Oktoba mwaka huohuo na kukutana na msafara wa Verney Lovett Cameron. Cameron alipendekeza azikwe hapo. Wapagazi walikataa. Mbele kidogo, karibu na Kasekera, walikabiliwa na watu wasiotaka maiti ipite katika nchi yao. Kwa mujibu wa maelezo ya Chuma na Susi, walifanya igizo: walifunga mabua kwa umbo la maiti, wakatuma kundi la watu kuyarudisha kuelekea Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na robota la nguo. Robota hilo lilifika Bagamoyo Februari 1874, na mazishi yakafanyika London Aprili mwaka huo.

Simulizi hili limetufikia kupitia mkono wa Horace Waller, aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone mwaka 1874, na hivyo sauti za Chuma na Susi zimechujwa. Hata hivyo muundo wake uko wazi. Wapagazi walikuwa na hadhira mbili, na kila moja iliandaliwa kifo chake. Ya njiani ilionyeshwa maziko ya mabua ili iamini kwamba mambo yamekwisha. Ya London iliwekewa mwili ili iamini kwamba mhusika wake amekufa kweli. Kichwa cha uongo ndani ya sanduku la Prison Break na mabua ya Kasekera vinafanya kazi moja: kumpa mtazamaji ushahidi wa kuonekana kwa macho, ambao baadaye hubatilishwa.

Cha pili ni cha Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyewapinga Wajerumani hadi ngome yake ilipovamiwa na kikosi cha Tom von Prince mnamo Januari 1893. Isike alijilipua pamoja na jamaa zake katika ghala la baruti. Alikutwa akiwa bado anahema, akanyongwa. Msimulizi wa tukio hili analazimika kuchagua kitenzi. Akisema "alijilipua", kirejeshi -ji- kinamwachia Isike umiliki wa kifo chake. Akisema "walimnyonga", umiliki unahamia kwa maadui. Matukio yote mawili ni ya kweli, yametenganishwa na muda mfupi tu, lakini kila kitenzi kinazaa Isike tofauti. Ubishi wa kibandani kuhusu kama Scofield "alijitoa" au "wamemuua" una uzito mdogo kwa mbali, ila unatumia vifaa hivihivi vya lugha.

Pwani nako kuna mfano mkongwe zaidi. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya zamani, Liyongo anachomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba. Anatoka na upinde wake, anapiga goti karibu na kisima na kufa katika mkao huo. Watu wanaogopa kuteka maji kwa sababu hawaamini kwamba amekufa, na hali hiyo inaendelea hadi mwili unapoanguka. Utendi umeiweka hadhira inayosema "hajafa" ndani ya hadithi yenyewe, kisha ukaiadhibu kwa kiu. Mtunzi alijua kwamba shujaa asiyefikika kwa silaha hafi kwa urahisi katika akili za watu, na kwamba kifo chake kinahitaji siku kadhaa ili kiaminike. Tamthilia nyingi za kusisimua zinakosea hapa. Humuua mhusika kwa dakika moja, kisha hushangaa watazamaji wanapokataa.

5. Mkwaju, aliyekubalika kufa

Kanuni inayomlinda stelingi ina upande wa pili usiozungumzwa: wapo ambao kifo chao hakimshtui mtu. Mfano mzito ni Mkwaju, dereva wa lori katika mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Mchezo ulifuata mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico, ambayo huwapanga wahusika katika makundi ya mfano mwema, mfano mbaya na wale wanaobadilika. Mkwaju alikuwa mfano mbaya. Alikuwa na wanawake katika vituo vya safari zake, aliambukizwa VVU, akaugua UKIMWI na kufa. Mkewe, Tunu, alibadilika, akajitegemea. Kwa ajili ya utafiti, kituo cha Dodoma, mji ulioko Ugogo katika mkondo wa njia ya zamani ya misafara, hakikurusha mchezo huo hadi mwaka 1995, ili wasikilizaji walinganishwe na wasiosikiliza. Tafiti za Vaughan, Rogers, Singhal na Swalehe zilionyesha mabadiliko ya mwenendo katika maeneo yaliyousikia, yakiwemo kupungua kwa idadi ya wapenzi na kuongezeka kwa matumizi ya kondomu.

Mafanikio hayo hayapaswi kubezwa, kwani yalihusu maisha ya watu. Uhakiki, hata hivyo, una swali lake. Jina la Mkwaju liligeuka kuwa nomino ya kawaida vinywani mwa wasikilizaji, lebo ya mwanamume mzinzi. Kwa kipimo cha kibandani, Mkwaju hakuwa stelingi. Alikuwa wa upande ambao kufa ni ada yake, na kifo chake kilitimiza mkataba badala ya kuuvunja. Hakuna sababu ya kusema "wamemuua", kwa kuwa sarufi ya hadithi ilikwisha kutamka "atakufa" tangu mwanzo. Msikilizaji alijifunza kwamba mtu kama Mkwaju hufa. Alichoweza kukosa ni kwamba mtu kama yeye mwenyewe hufa.

Hatari hiyo inatokana na kanuni yenyewe. Kila mtu ni stelingi wa maisha yake. Akiamini kwamba stelingi hafi, na kwamba wafao ni wa upande wa pili, basi kifo kinachofundisha kitamhusu jirani daima. Katika miaka ambayo wagonjwa wa UKIMWI walikuwa wakinyanyapaliwa, hadithi iliyomtoa Mkwaju kama mfano iliokoa watu kwa kuwatahadharisha, na papo hapo ilikuwa na uwezo wa kumfanya kila mgonjwa aonekane Mkwaju. Tunu aliyeachwa hai anapunguza ukali huo, kwa sababu kupitia yeye msikilizaji anakutana na mtu asiye na hatia aliyewekwa hatarini. Lakini Tunu hakufa. Kifo kilibaki mahali kilipotarajiwa.

Hapa ndipo kifo cha stelingi kinapopata thamani yake. Euphrase Kezilahabi alilijua hilo alipomfanya Rosa ajiue katika Rosa Mistika (1971), na Kazimoto katika Kichwamaji (1974). Wahakiki waliviita vifo hivyo tanzia na kuvisifia. Kitendo hichohicho kikifanywa na tamthilia ya kusisimua huonekana ukorofi wa kibiashara, na hasira ya mtazamaji huonekana ujinga. Tofauti ya hukumu hizo imetokana zaidi na mahali kazi inapopokelewa kuliko kazi yenyewe.

6. Hitimisho

Hatua za hafi, hajafa na wamemuua zinaonyesha hadhira inayosoma kwa makini: inaanza na sheria, inaipima kwa ushahidi, kisha inawadai watunzi hesabu. Uhakiki wa Kiswahili hauna sababu ya kuendelea kuiacha istilahi ya "stelingi" nje ya mlango, kwani inataja jambo ambalo "mhusika mkuu" hailitaji, yaani haki ya kubaki hai iliyotolewa na hadhira.

Kuiheshimu hadhira si kuikubalia kila dai. Kurudi kwa Scofield mwaka 2017 kuliwafurahisha waliosema "hajafa", lakini kuliibatilisha gharama aliyolipa kwa ajili ya Sara, na kuanzia hapo kila kaburi katika tamthilia hiyo likawa la mabua. Kijumwa alichagua njia ngumu zaidi. Aliwaacha watu wa kisimani wasubiri, wabishe na waone kiu, kisha akauacha mwili uanguke. Utendi huo bado unasomwa na kufundishwa, na Liyongo hajarudi.